Mwanzi wa Bu Murti

Bu Murti, na bu kwetu ni mama, si mtu wa kutisha. Ni mfupi, ana mashavu ya mtu anayependa kula, na akivaa ovaroli lake la bluu na mtandio wa waridi anafanana na mpishi aliyepotea njia akaingia gereji. Wanafunzi wapya wa shule yetu ya ufundi, hapa kisiwani Jawa kati ya miji ya Yogya na Solo, humcheka siku ya kwanza. Siku ya pili anaifumua injini mbele yao na kuirudisha huku anaongea habari za bei ya pilipili, na kicheko kinaishia hapo.

Ila mafundi huku wamejaa tele. Kinachofanya Bu Murti atajwe mpaka leo kwenye vibanda vya chai ni vita vyake na adabu.

Watu wa Jawa tumelelewa kwamba mkubwa hakosolewi. Mkubwa akivaa shati kinyume unamwambia limempendeza, halafu unamtafuta mkewe pembeni umnong'oneze. Darasani ni hivyo hivyo. Mwalimu akiuliza mmeelewa, darasa zima linaitikia "Ndiyo, Bu" kwa sauti tamu, na ndani ya ndiyo hiyo hamna kitu. Mtoto amekiri tu kwamba sauti ya mwalimu imemfikia. Adabu ya namna hii inapendeza mezani na inapendeza harusini. Gerejini inaua watu.

Bu Murti alilijua hilo angali binti, mwanafunzi wa shule kama hiyo hiyo. Mwalimu wao, Pak Kasmadi, yaani Baba Kasmadi, mzee mpole aliyependa kupiga mluzi, aliingia asubuhi moja kufundisha habari za maji ya kupoza injini. Alidhani gari limelala pale tangu jana. Kumbe lilikuwa limetoka safari sasa hivi, rejeta inachemka, na wanafunzi wote walijua kwa sababu wao ndio waliomfungulia dereva geti. Wakamwona anaushika mfuniko. Wakatazamana. Hakuna aliyefungua mdomo, na mvuke ukamruka mzee wa watu usoni.

Walikwenda kumwona hospitalini na kikapu cha machungwa. Amefungwa bandeji mpaka kwenye nyusi. Hakuwafokea. Aliwauliza neno moja tu, kama walijua, nao wakainamisha vichwa na kuitikia kwa sauti ile ile tamu, "Ndiyo, Pak." Bu Murti anasema siku hiyo ndipo alipoichukia ndiyo ya namna hiyo, na chuki yenyewe haijamtoka.

Basi alipokuja kuwa mwalimu akajiapiza kwamba wanafunzi wake watamkosoa, wapende wasipende. Mbinu yake ya kwanza ilikuwa nyepesi. Kila kipindi angefanya kosa moja makusudi, nao walitafute. Aliwatangazia waziwazi, leo nitakosea mahali, nikamateni. Akasubiri kukamatwa. Alisubiri sana.

Inayosimuliwa zaidi ni siku ya mafuta. Alimwaga mafuta machafu ya injini, akaacha kuirudisha nati ya chini, kisha akasimama na dumu akaanza kumimina mafuta mapya kwa juu. Yakawa yanaingia juu yanatokea chini. Darasa zima linaona. Mmoja akaenda taratibu, akavisogeza viatu vya mwalimu visilowe. Mwingine akaleta tambara. Wawili wakatafuta beseni, wakalikinga chini ya injini kwa heshima zote, na Bu Murti akaendelea kumimina mpaka dumu likakauka. Akawauliza kama wameona kosa lolote. Wakatabasamu wakasema hakuna, Bu. Alicheka pale mpaka akakaa chini, lakini alipofika nyumbani alilia.

Jibu lilimkuta uani anaanika nguo. Mtaani kwao, kama mitaa yote ya huku, kuna kibanda cha zamu ya ulinzi, na kibandani inaning'inia kentongan, kipande cha mwanzi mnene kilichotobolewa mdomo mrefu ubavuni. Ukikigonga kwa kijiti sauti inafika mtaa wa pili. Ni cha wezi, cha moto, cha msiba. Alasiri hiyo kitoto cha kike, ambacho kikikutana na mwenyekiti wa mtaa kinajificha nyuma ya sketi ya mama yake, kiliona moshi unatoka jikoni kwa mwenyekiti huyo huyo. Kikakimbilia kibandani kikaugonga mwanzi kama kimepagawa. Watu wakatoka na ndoo. Mwenyekiti alikuwa amebandika ndizi za kukaanga akapitiwa na usingizi. Akatoka na saruni yake, anakohoa, macho mekundu, akampapasa mtoto kichwani na kumshukuru. Hakuna aliyesema mtoto kakosa adabu. Na kweli, mtoto hakumwambia mkubwa neno lolote. Uliosema ni mwanzi. Bu Murti alisimama pale na shati bichi la mumewe mkononi, maji yanamchuruzika mpaka kiwikoni, na moyoni anajiita mjinga kwa kutoliona jambo lililoning'inia mbele ya nyumba yake miaka yote.

Mumewe, Mas Gunadi, alimchongea mwanzi mwingine siku iliyofuata. Akauning'iniza katikati ya karakana, akawapa wanafunzi sheria zake. Anayeona kosa agonge. Akishagonga hana haja ya kusema chochote, anyooshe tu dole gumba kuelekea lilipo kosa. Dole gumba, kwa sababu kumnyooshea mtu kidole cha shahada huku kwetu ni kumtukana. Na mwanzi ukilia kila mkono unaacha kazi, kila mtu anarudi nyuma, awe mwanafunzi awe mwalimu.

Wa kwanza kugonga alikuwa Tegar, mtoto wa muuza supu, mtundu asiyekalika. Kosa alilolionyesha lilikuwa mtandio wa Bu Murti, aliokuwa ameuvaa nje ndani. Bu Murti akautazama ule mshono, akamshukuru, akaenda kuugeuza, akarudi akaendelea na somo la breki. Hapo ndipo kufuli ilipofunguka. Wiki ya pili wakaanza kumnasa kwenye makosa ya mtego yenyewe: waya uliobadilishwa upande, bolti iliyokazwa nusu. Mwezi wa tatu wakawa wanagongeana wenyewe kwa wenyewe, na mwenye kosa hachekwi, anashukuru na kurekebisha. Ilifika mahali mwalimu wa upishi, aliyekuwa akiulalamikia huo mwanzi kwa kelele, akaja kuomba na yeye achongewe wake. Wenye mashahada wanaandika vitabu vinene kuhusu namna ya kumfanya mtoto azungumze darasani. Bu Murti alifanya hivyo kwa kipande cha mwanzi kisichonunuliwa.

Mmoja tu hakuwahi kugonga. Galuh, binti wa watengeneza tempe za maharage ya soya, mmoja wa wasichana wawili wa darasa lile, alikuwa na mikono mizuri kuliko wote. Angeshika nati gizani akakwambia ni ya spana gani. Lakini mdomo wake ulikuwa wa kula tu. Bu Murti alimwona mara nyingi macho yake yanatua pale pale penye kosa, kabla ya mtu mwingine yeyote, halafu yanainama chini. Siku moja wakiosha mikono alimuuliza taratibu kwa nini hagongi. Galuh akajibu kwamba akigonga watu watamwangalia. Bu Murti hakumsukuma. Alimwambia tu, "Anayegonga hajakosa adabu, Nduk. Anayenyamaza ndiye aliyekosa." Nduk ni neno la kumwitia binti unayempenda, na Galuh alilibeba mpaka nyumbani.

Sasa, pamoja na sifa zote hizo, Bu Murti alikuwa bado kibarua. Miaka nenda rudi anasaini mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na asubuhi anakaanga tempe za kupeleka kantini ili mwezi upate kuisha. Vijana aliowafundisha walishaajiriwa na kuoa. Mgongo wa Mas Gunadi ulikuwa umeshamkatalia kazi za kubeba. Kwa hiyo ilipokuja habari kwamba mkaguzi kutoka mkoani atakuja kumwona akifundisha, na kwamba akipita atapewa ajira ya kudumu, Bu Murti aliishika ile habari kama mtu anayebeba mayai. Hakumwambia mtu. Mtaa mzima ukajua siku hiyo hiyo.

Mkuu wa shule, Pak Sasmito, alimtakia heri kwa moyo wote. Si mtu mbaya, asidhaniwe vibaya. Ni mzee nadhifu mwenye masharubu yaliyochanwa, anayeipenda shule yake na kuiogopea aibu kuliko anavyoogopa ugonjwa. Siku ya kuamkia ukaguzi aliingia karakana, akautazama mwanzi, akauteremsha mwenyewe na kuutia kwapani. Alisema shule yake si kibanda cha zamu. Mgeni anakuja kutoka mbali, ataambiwa nini akisikia watoto wanamgongea mwalimu wao kama mwizi? Akawaomba wanafunzi kesho watulie, watabasamu, waitikie vizuri.

Bu Murti angeweza kukataa. Aliinama akaendelea kupanga spana. Alikuwa anaitaka ile ajira, na mtu aliyekaanga tempe alfajiri miaka yote hiyo hana haja ya kuomba radhi kwa kuitaka. Mkuu alipotoka Tegar akauliza, "Sasa tukiona kosa kesho, Bu?"

"Kesho sitafanya kosa," alijibu.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, Bu Palupi, asiyecheka ovyo lakini asiye na dharau. Alikunywa chai yake yenye sukari nyingi, akashukuru, akakaa kwenye kiti alichowekewa. Mkuu wa shule akasimama nyuma yake. Ili mgeni apate mwanga na picha zitoke vizuri, Pak Sasmito alikuwa ameagiza gari la kufundishia, mkweche wa rangi ya maziwa, lisogezwe mlangoni. Wanafunzi wakalitoa gia na kulisukuma mpaka pale. Na pale mlangoni, kila anayeijua karakana ile anajua, sakafu ina mteremko kidogo wa kutolea maji ya kuoshea. Breki ya mkono ya gari lile ilikufa zamani. Ndiyo maana siku zote lazima uweke kabari za mbao nyuma ya magurudumu kabla hujagusa jeki. Ni jambo ambalo Bu Murti aliwaimbia mpaka likawa kama dua ya kula.

Siku hiyo alikuwa anafundisha vizuri mno. Maneno yanatiririka, mikono inafuata. Aliliinua gari mbele kwa jeki, akalikalisha juu ya miguu miwili ya chuma, akaishusha jeki na kuivuta kando, huku anamweleza mgeni kila hatua na sababu yake. Furaha ilikuwa imempanda, anaiona ajira ile kwa macho. Kisha akalala chali juu ya ubao wa magurudumu, akajisukuma kuingia chini ya gari. Kabari zilikuwa bado rafuni.

Wanafunzi waliona. Tegar aliona. Aliinua macho mahali mwanzi unaponing'inia, akakuta kulabu tupu. Akamtazama mkuu wa shule, na mkuu akamrudishia jicho la kumtaka atulie. Kila mmoja akajipa moyo kwamba labda ni mtego wa mwalimu, atajua mwenyewe. Kimya kikatanda, kile kile cha rejeta ya Pak Kasmadi. Kichwa cha Bu Murti kikazama chini ya gari, yakafuata mabega.

Kikasikika kishindo cha chuma juu ya bati. Kikarudia, na kurudia tena. Galuh alikuwa ameokota spana kubwa na anaitwanga ndoo ya mafuta machafu, machozi yanamtoka, mkono wa pili umenyooka mbele yake, dole gumba likielekea gurudumu la nyuma.

Kwa Bu Murti mwili ulisikia kabla ya akili. Sauti ikilia unaacha kazi, unarudi nyuma. Akajisukuma akatoka, ubao ukabaki chini ya pua ya gari, akakaa sakafuni, akalifuata dole gumba kwa macho mpaka kwenye gurudumu. Hakukuwa na kabari. Na wakati anatazama, gari likajisogeza nyuma taratibu, miguu ya chuma ikainama, ikalala, na pua yote ya gari ikaanguka sakafuni kwa kishindo kilichotimua vumbi kutoka kwenye mabati ya paa. Ubao wa magurudumu ulipasuka katikati.

Kisha Pak Sasmito akakohoa, akajikaza kisabuni, akatoa tabasamu la wageni. Akaeleza kwamba hiyo ndiyo mbinu maarufu ya Bu Murti. Hutega kosa makusudi ili wanafunzi walitafute, na kama mgeni alivyojionea, wamelipata. Alikuwa anamwokoa, maskini. Alikuwa anaiokoa ajira yake, na uongo wenyewe ulikuwa mzuri, umekaa pale pale panapostahili, mtu yeyote angeuamini.

Bu Palupi akavua miwani. "Ni kweli, Bu Murti? Ulisahau au ulitega?"

Bu Murti aliangalia ubao uliopasuka. Akamwangalia Galuh, ambaye bado ameshika spana, watu wote wanamwangalia kama alivyoogopa siku zote. Alitakiwa kuitikia tu ndiyo. Neno dogo, tamu, analolijua tangu utoto. Akilitamka, ajira inakuwa yake, na Galuh anabaki mtoto aliyeshinda mchezo.

"Nilisahau, Bu," alisema. "Hakukuwa na mtego. Huyu binti ameniokoa roho yangu."

Akainuka na vumbi lake, akamwendea Galuh, akamwinamia. Mwalimu akamwinamia mwanafunzi, mbele ya mkuu na mbele ya mgeni. Galuh hakujua aiweke wapi spana.

Bu Palupi hakumficha kitu kabla ya kuondoka. Alimshika mikono yote miwili, akamwambia kwamba hajawahi kuona darasa kama lile, na kwamba pamoja na hayo hawezi kumpa alama za usalama mwalimu aliyeingia chini ya gari lisilo na kabari. Angoje awamu nyingine. Bu Murti akaitikia ndiyo, na safari hii ilikuwa ndiyo yenye kitu ndani. Alirudi nyumbani na pikipiki, mtandio umemlowa machozi, akamweleza Mas Gunadi. Mumewe alimkandia miguu, halafu akamuuliza kama kesho atakaanga tempe. Akasema atakaanga.

Ajira aliipata awamu iliyofuata, na Bu Palupi ndiye aliyempigia simu kumpa habari. Lakini wa karakana hawaisimulii hiyo. Wanasimulia asubuhi ya kesho yake.

Wanafunzi walikuwa wamejipanga, Bu Murti macho yamemvimba, kabari nne zimepangwa mbele yake kwa somo la kurudia. Akaingia Pak Sasmito na mwanzi kwapani. Masharubu hayakuchanwa. Hakumsalimia mtu. Akavuta kigoda, akapanda, mzee wa watu na suruali yake yenye pasi, akauning'iniza mwanzi kwenye kulabu yake. Akashuka. Wakadhani atatoka.

Akachukua kijiti, akagonga.

Kila mkono ukaacha kazi. Wote wakarudi nyuma, wakaangaza huku na huku kutafuta kosa liko wapi. Tegar alichungulia mpaka chini ya meza. Bu Murti akamgeukia mkuu wake angoje kuonyeshwa. Pak Sasmito alikuwa amekunja vidole vyake kwa adabu, dole gumba limesimama, na alikuwa amelielekeza kifuani mwake mwenyewe.